Faini ya Kiti

Mimi ndiye niliyemwandikia faini.
Nilikuwa na miezi minne kazini, buti bado zinanibana,
na mvua ya Kutaisi, ile isiyonyesha wala kukatika,
ikinipenya shingoni.

Kiti cha jikoni katikati ya njia,
mguu mmoja umefungwa waya,
mgongoni kitambaa chekundu, kama bendera ya nchi
yenye raia mmoja.
Chini ya kiti, shimo.

Mfuniko uliibwa Februari.
Chuma kina bei kwa kilo, na kila mtu anajua
ni yadi gani ya vyuma chakavu inayonunua usiku.
Sisi pia tulijua. Tukipita hapo
tuliutazama mto Rioni kana kwamba ulianza kutiririka jana.
Funika kombe, mwanaharamu apite:
hilo kituoni hufundishwi, unalikuta limekuingia.
Lakini kombe hili halikuwa na cha kulifunikia,
na waliokuwa wakipita ni watoto wa shule.

Gega, mtoto wa fundi viatu, alizama hadi kwapani.
Mkoba ndio uliomkwamisha.

Bi Tsiala alitoka na mwavuli, hakuufungua.
Miaka thelathini na mmoja alilinda makoti ya watu
kwenye jumba la opera:
unampa koti, anakupa kibao cha shaba chenye namba.
"Sijapoteza hata glavu," aliniambia,
"na hakuna aliyeniapisha."
Akanitolea barua.
Idara ya Maji: shimo ni la Barabara.
Barabara: shimo ni la Maji, letu ni lami inayolizunguka.
Idara ya tatu ilijibu kwa heshima nyingi
kwamba kwenye ramani mahali hapo hapana shimo,
kwa hiyo hapana mtu anayeweza kutumbukia.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Mfuniko ule ulikuwa na namba gani?
Nani aliupokea? Sahihi yake iko wapi?"

Nikasema sheria ni sheria, mama.
Kizuizi barabarani, lari hamsini.
Maneno yalinitoka na harufu ya kinywa cha mtu mwingine.

Fomu ina mstari mmoja: *Eleza mahali pa kosa.*
Kalamu ikasita. Wino ulikuwa ukitambaa kwa unyevu.
Niliandika: Kiti,
juu ya shimo la majitaka lililo wazi,
kina zaidi ya mita mbili,
mbele ya nyumba namba kumi na saba.
Kina nilikipima kwa mwavuli wake; haukugusa chini.
Nikatia sahihi, namba ya beji, muhuri.

Hadi leo sijui kama nilikusudia.
Mama yangu anasema nilikusudia.
Mkuu wa kituo alisema vivyo hivyo, kwa sauti nyingine.

Alilipa siku ileile, akadai stakabadhi,
akatoa nakala sita, akaenda kwa wenye ramani.
Nasikia hakupaza sauti. Aliweka karatasi mezani:
"Serikali imeliona shimo. Imelipima. Imelipwa kwa ajili yake.
Kama halipo, nirudishieni hamsini yangu."

Mfuniko mpya ulikuja Alhamisi.
Aliwasimamisha mafundi mvuani
mpaka akanakili namba iliyochorwa kwenye chuma
katika daftari la hesabu la mjukuu wake,
nao wakatia sahihi, mmoja baada ya mwingine,
kama watu wanaoacha makoti.

Kiti tulikichukua, kielelezo.
Kilipewa lebo na rafu.
Kila Jumatatu anakuja kukidai,
na kila Jumatatu tunamwambia aje Jumatatu,
kwa sababu rafu ipo, lebo ipo,
kiti hakipo.

Leo amekuja tena. Mkuu anasoma gazeti kwa bidii.
"Mia mbili na nne," anasema, na kunionyesha stakabadhi,
mkono hautetemeki.

Nje mtu anakanyaga mfuniko; unalia mara moja, unatulia.
Ninavuta fomu.
Ninatafuta ule mstari.